Muwasho ulitulia, choa kikabaki

Nimeshona nguo Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 20, na fundi cherehani yeyote atakwambia kwamba kazi yetu ni ya kukaa. Unakaa tangu asubuhi, bati linawaka juu ya kichwa, jasho linashuka mgongoni na kutuama kiunoni pale nguo inapobana. Masika ya mwaka ule nguo hazikuwa zikikauka. Nilikuwa navaa sketi ya ndani ikiwa bado na unyevu kwa kuwa nyingine iko kwenye kamba inanyeshewa, nikitegemea joto la mwili litaikausha. Ndipo pakaanza kuwasha.

Mwanzo kilikuwa kiduara kimoja juu ya nyonga, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Ukingo wake umeinuka na una magamba madogo meupe, katikati ngozi imetulia kana kwamba haina neno. Sisi tumekua tukiyaita mashilingi, na wengine husema choa. Mama yangu enzi zake alikuwa anapaka kitunguu saumu kilichopondwa. Nilijaribu usiku mmoja, kikaniunguza mpaka nikainuka kukiosha huku machozi yananitoka. Kesho yake nikaenda duka la dawa.

Kijana aliyekuwa zamu hakuniomba nimwonyeshe, nami sikuwa na moyo wa kufunua nyonga mbele ya watu waliosimama nyuma yangu. Nikaashiria kwa kidole juu ya gauni.

"Panawasha sana, mama?"

"Sana, mwanangu."

Akanyoosha mkono kwenye rafu bila hata kugeuka, akaniwekea mezani kiboksi chembamba. "Paka hii. Hii inamaliza kila kitu: fangasi, bakteria, muwasho, yote." Nikalipa nikaondoka. Hakuna aliyetaja nipake mara ngapi wala kwa siku ngapi. Hakuna aliyeuliza cheti, na pembeni ya kiboksi kile kulikuwa na maandishi kwamba hiyo ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari. Niliyajua maandishi hayo miezi mitano baadaye, niliposomewa.

Dawa ile ilinipa raha, na lazima niseme hivyo wazi, kwa sababu raha yenyewe ndiyo iliyoniponza. Usiku wa kwanza nililala bila kujikuna. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umefifia, siku ya tano ukingo ulikuwa umelala, ukipitisha kidole huusikii. Nikaacha kupaka, nikaiweka tyubu dirishani karibu na vifungo na nyuzi. Wiki mbili hazikupita, muwasho ukarudi, na safari hii kiduara kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye paja na kuzaa vingine viwili. Nikapaka tena, kikatulia tena. Nikaacha, kikarudi kikiwa kikubwa zaidi. Nikanunua tyubu ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara ilituliza, na kila ilipotuliza niliiamini zaidi. Iliporudi nililaumu jasho, nililaumu sabuni, nikalaumu hata dagaa. Tyubu sikuilaumu hata siku moja.

Kufikia mwezi wa nne hapakuwa tena na duara. Ule ukingo tunaoujua wote, ambao hata mtoto wa shule akiuona anasema "mashilingi hayo", ulikuwa umepotea. Badala yake nilikuwa na baka pana lisilo na mpaka, lenye rangi ya kutu na vipele vilivyotawanyika. Ngozi ya paja kwa ndani ilikuwa nyembamba, inang'aa kama ganda la kitunguu, na michirizi imejichora kama ile inayobaki tumboni baada ya uzazi. Nilifikiri ni unene.

Mambo mawili yanayofuata ndiyo yananiuma zaidi ya paja langu.

La kwanza ni la shoga yangu tunayepakana ukuta. Siku moja nabadilisha nguo akaona ubavu wangu pembeni ya lile baka, mahali ambapo dawa ilikuwa ikisambaa. "Mbona hapa umekuwa mweupe hivi?" Nami nilikuwa sijaona. Kweli, ngozi ilikuwa imechujuka rangi. Akaniomba tyubu, eti ana madoa usoni na wiki ile kuna harusi. Nikampa. Nilimpa kwa mkono wangu huu, tena nikamwambia ni dawa ya hospitali, si mkorogo, haina madhara.

La pili ni la mjukuu wangu. Binti yangu alikuwa akiishi kwangu na mtoto wa miezi minane. Mtoto akatoka vipele vya nepi, vyekundu, vinamliza akikojoa. Nikamwambia binti, "Mpake hii, itamtuliza mara moja." Ikamtuliza mara moja. Akaendelea kumpaka kila alipombadilisha nepi, kwa wiki tatu.

Wifi yangu anaishi Moshi. Alipokuja mapumziko aliniona nikijikuna usingizini, akataka kuona. Akawasha taa, akaangalia, akanyamaza, halafu akasema, "Wifi, hii tunapanda nayo basi." Tukaondoka wote, mimi, binti na mtoto: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo tukala, Same, Mwanga, jioni tuko Moshi. Kesho yake alfajiri tukawa kwenye benchi la kliniki ya ngozi KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi. Pale kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanaosomea hapo hutoka nchi nyingi za Afrika. Nilipoingia chumbani nilikuta daktari na vijana wanne wenye madaftari.

Daktari alikuwa dada aliye mdogo kwangu kwa umri. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Hakuanza na paja. Aliuliza nimepaka nini. Nikasema dawa ya fangasi. Akauliza ipi. Wifi, Mungu ambariki, alikuwa amekusanya kila kitu dirishani kwangu na kukitia kwenye mfuko, akaumwaga mezani: tyubu saba, nyingine zimekunjwa mpaka shingoni kama dawa ya mswaki iliyoisha. Daktari akachukua moja, akaigeuza upande wa nyuma ambako mimi sijawahi kuangalia, akanisomea. Klotrimazoli, hiyo ya fangasi. Jentamaisini, hiyo ya bakteria. Betamethazoni. Hapo akasimama.

"Mama, hii ya tatu ni steroidi, na ni ya nguvu. Ndiyo iliyokuwa inakutuliza."

Kisha akafanya kitu ambacho ningependa kila mwenye choa akione walau mara moja maishani. Alikwangua ngozi ya pembeni ya baka kwa kisu butu, magamba yakaangukia kwenye kipande cha kioo. Akadondosha juu yake tone la dawa ya kuyeyusha magamba, akafunika kwa kioo chembamba kuliko ukucha, akakipasha moto kidogo. Tukasubiri. Akaweka kwenye hadubini, akaangalia, akawaita wale vijana, wakaangalia mmoja mmoja. Mwisho akanikaribisha mimi.

Nikaona nyuzi. Mimi nimeishi na nyuzi tangu nikiwa msichana, lakini zile zilikuwa nyuzi zenye matawi, zimepita katikati ya magamba ya ngozi yangu kama ushonaji wa mtu asiyejua kushona. Zilikuwa nyingi mno. "Hao ndio fangasi wenyewe," akasema. "Kwa kawaida tunahangaika kuwatafuta. Kwako wamejaa, kwa sababu tyubu saba zimewalinda."

Akanieleza, nami nitaeleza kwa maneno yangu. Fangasi wa choa hula keratini, ile protini ya tabaka la juu la ngozi, ya nywele na kucha. Mwili ukiwagundua unatuma askari wake, na vita hivyo ndivyo tunavyoviona: wekundu, uvimbe, ukingo ulioinuka, muwasho. Steroidi kazi yake ni kuwaambia askari warudi kambini. Vita vikisimama, wekundu unakwisha, muwasho unakwisha, nawe unasema umepona, kumbe fangasi sasa wanakula bila bughudha. Ile dawa ya fangasi iliyochanganywa humo ilikuwa ikijitahidi, lakini mimi nilikuwa nikiiacha baada ya siku tano, na choa kinahitaji wiki kadhaa. Madaktari wa Uingereza walikipa jina mwaka 1968 choa cha namna hii, kilichopakwa steroidi mpaka sura yake ikapotea: choa kilichojificha. Aliponiambia mwaka huo niliduwaa. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mimi hujieleza hivi. Mteja akileta suti ya sufu iliyoingiwa na nondo, nikaipiga pasi, mikunjo itaondoka na suti itapendeza. Nondo yumo ndani anaendelea kula. Tena sufu ni keratini ile ile, na viwavi vya nondo vinakula hicho hicho wanachokula fangasi wa choa.

Ile dawa ya bakteria nayo haikuwa na kazi yoyote kwangu, maana choa si bakteria. Kuipaka bila sababu ni kuwazoesha bakteria wa ngozini ladha yake, ili siku nikiwa na jipu au kidonda cha kweli iwe haifui dafu. Huo ndio usugu wa dawa. Nilikuwa nausikia redioni nikidhani ni habari za vidonge tu. Kumbe hata wa fangasi upo: kutoka India dunia imeona choa kisichosikia terbinafini, dawa tunayoitegemea sana, na madaktari wanazitaja krimu za mchanganyiko wenye steroidi, zinazouzwa kiholela, kuwa moja ya sababu kubwa zilizokikuza.

Daktari alifanya kipimo kingine ambacho sikukitegemea. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa ncha ya pamba huku na huku, ndani ya baka na nje yake, niseme kila ninapoguswa. Nikahisi kote. Akasema akiona baka lililopauka lisilosikia mguso huwaza ukoma kwanza, na watu wengine hupaka krimu za fangasi mwaka mzima juu ya ukoma huku mishipa ya fahamu inakufa. Matibabu ya ukoma ni bure na yanaponya, ila yakichelewa vidole havirudi. Nimekuwa nikiwaambia wateja wangu hili moja peke yake, hata wasiponisikiliza mengine yote: baka lisilowasha na lisilohisi, usilipake kitu, nenda ukapimwe.

Halafu akamgeukia mtoto. Hapo miguu yangu iliisha nguvu.

Alimvua nepi, akaangalia ngozi iliyokuwa imekwanguka na wekundu ulioingia mpaka kwenye mikunjo, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni kama chembe. Huyo ni fangasi wa aina nyingine, akasema, anayependa pale penye joto na mkojo. Akauliza mara ngapi kwa siku, wiki ngapi. Binti yangu akajibu kwa sauti ndogo. Daktari akampima uzito, akamwangalia mashavu, akambonyeza tumbo, akatazama mgongo. Niliuliza anatafuta nini. Akaniambia ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na mwili wake mdogo, na nepi ni kama kufunga dawa kwa plastiki, inaisukuma ndani. Steroidi kali ikiingia kwenye damu ya mtoto inaweza kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, akavimba uso, akadumaa. Zikiwa zimelala namna hiyo, kuacha ghafla nako ni hatari, lazima daktari asimamie. Mtoto wetu hakuwa amefika huko. Daktari aliposema hivyo binti yangu alilia, nami nikatoka nje kwanza.

Aliandikiwa krimu ya klotrimazoli peke yake, nyembamba, mara mbili kwa siku, na juu yake marhamu nyeupe ya zinki ya kukinga mkojo. Na akae bila nepi kila inapowezekana. Kwa wiki moja na nusu nyumba ya wifi ilinuka mikojo, nasi tukashukuru.

Mimi niliandikiwa vidonge vya terbinafini, miligramu 250, kimoja kwa siku kwa wiki nne, kwa kuwa eneo lilikuwa kubwa na fangasi wamezama. Kabla ya kuandika aliniuliza kuhusu ini, kuhusu pombe, kuhusu dawa nyingine ninazomeza, akanipima damu. Pamoja navyo krimu ya fangasi isiyo na kitu kingine ndani. Kisha akasema neno ambalo laiti asingelisema ningerudi kwenye tyubu zangu wiki ile ile: "Mama, ukiacha steroidi, siku za mwanzo utawasha kuliko ulivyowahi kuwasha. Askari wanarudi kazini. Usiogope, na usiirudie."

Ilikuwa hivyo hasa. Usiku wa nne nilikaa kitandani nimeloweka kitambaa kwenye maji baridi na kukilaza pajani, kikipata joto nakigeuza. Ningekuwa na tyubu moja ndani ya nyumba ile ningeipaka. Sikuwa nayo, zote zilibaki kliniki, na daktari aliomba moja awe anawaonyesha wanafunzi. Kufikia siku ya kumi muwasho ulianza kushuka, na safari hii ulishuka pole pole.

Muuguzi mmoja pale alinifundisha kupaka, na hili nalo nilikuwa silijui na umri wangu huu. Mimi nilikuwa nikibinya kama mtu anayepaka losheni. Alinishika kidole cha shahada, akaweka mstari wa krimu kutoka nchani mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. "Hiki ni kipimo kimoja, karibu nusu gramu. Kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima." Nikapiga hesabu: tyubu ya gramu 15 ina vipimo kama 30. Halafu akaniambia nisipake juu ya baka tu, nivuke ukingo kiasi cha sentimita 2 kila upande, kwa kuwa fangasi wametangulia mbele kuliko macho yanavyoona. Hili lilinikaa mara moja, maana ndivyo tunavyokata kitambaa: mkasi haupiti juu ya mstari wa chaki, unaacha nafasi ya mshono. Nilikuwa nafanya hivyo asubuhi na jioni, baada ya kuoga na kujifuta nikakauka kabisa, tena kwa taulo langu peke yangu. Na baada ya ngozi kuwa safi niliendelea kupaka wiki mbili zaidi. Hizo mbili ndizo ngumu. Ngozi ni nzuri, haiwashi, na kila asubuhi unajiuliza unapaka nini.

Nguo za ndani zilifuliwa na kuanikwa juani mpaka zikauke kabisa, na nyumba nzima ilikaguliwa. Mtoto wa kaka yangu alikutwa na mapunye kichwani, mama yake akawa anasugua krimu kila jioni. Kwa mapunye krimu haitoshi, haifiki kwenye shina la unywele. Mtoto alimeza griseofulvini wiki nane, pamoja na maziwa au karanga kwa kuwa dawa hiyo hupita vizuri tumboni ikikutana na mafuta.

Nikarudi Tanga na jambo moja la kufanya kabla hata ya kufungua cherehani.

Shoga yangu alikuwa amenunua nyingine na nyingine baada ya ile niliyompa. Uso ulikuwa umeng'aa kwenye harusi, akasifiwa, akaendelea. Nilipomkuta alikuwa na vipele vidogo kuzunguka mdomo na kidevu, mashavu yamekuwa mekundu yanayochoma akipita juani, na vimishipa vyembamba vinaonekana chini ya ngozi. Alijaribu kuacha siku tatu, uso ukavimba na kuwaka kama umemwagiwa pilipili, akairudia. Alidhani ngozi yake "imeizoea" hivyo anatakiwa kuongeza. Nilikaa naye kwenye kibaraza nikamweleza kila kitu, kwamba mimi ndiye niliyempa, na kwamba nilimdanganya bila kujua. Steroidi imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu pamoja na zebaki na hidrokwinoni. Mimi nilimpa ile ile kwa jina la dawa, nikiwa na uhakika kwamba mkorogo ni kitu cha watu wengine. Na dawa hizo zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho mpaka likapoteza kuona. Alikuwa akipaka mpaka kwenye kope.

Hakunikasirikia. Aliuliza tu, "Sasa nitatokaje?" Nikampeleka kwa daktari wa ngozi, akamteremsha hatua kwa hatua, kutoka dawa kali kwenda hafifu, kutoka kila siku kwenda siku moja moja. Ilichukua miezi. Alikuwa akitoka na mtandio umemfunika mpaka machoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwendea sokoni.

Nisieleweke kwamba steroidi ni sumu. Mtoto wa mteja wangu ana pumu ya ngozi, na bila haidrokotizoni ya asilimia 1 angejikuna mpaka damu. Hiyo ni steroidi hafifu kabisa. Upande wa pili kuna klobetasoli, ambayo kwa kipimo cha madaktari ina nguvu mamia ya mara kuliko hiyo, na zote mbili zinaweza kukaa rafu moja kwenye tyubu zinazofanana. Daktari aliyeona ngozi ndiye anayejua ipi, wapi na kwa siku ngapi. Paja kwa ndani, kwapa, uso na sehemu za siri hunywa dawa haraka kuliko kiganja au unyayo, hivyo hata dawa aliyokuandikia kwa mguu si ya kupandisha usoni.

Vivyo hivyo zile krimu za vidonda vya bakteria. Mwanafunzi wangu wa ushonaji alikuwa na mupirosini iliyobaki, mtoto wake aliandikiwa kwa vidonda vyenye ukoko wa rangi ya asali puani. Akataka kuimalizia kwenye choa chake mwenyewe. Nikamzuia: haifanyi lolote kwa fangasi, na ile ya mtoto ilitakiwa kupakwa mara tatu kwa siku mpaka siku alizopangiwa ziishe. Kubaki kwake tu kulinifanya nimuulize mtoto alipaka siku ngapi. Tatu, akasema, vilikuwa vimekauka.

Siku hizi nikiingia duka la dawa naomba kiboksi nikigeuze kabla sijatoa hela. Miwani ninayo, na nimejifunza mahali pa kutazama. Jina kubwa la mbele ni la kampuni, halinisaidii. Maandishi madogo ndiyo yenye dawa. Jina linaloishia na herufi s-o-n-e mara nyingi ni steroidi, linaloishia na a-z-o-l-e kwa krimu za ngozi mara nyingi ni la fangasi. Yapo yanayotoroka kanuni hiyo, klobetasoli ni moja, ndiyo maana nikishindwa namuuliza mfamasia kwa maneno haya haya: "Humu ndani kuna steroidi?" Sijawahi kuona mfamasia wa kweli akikasirishwa na swali hilo. Wengi wanafurahi.

Michirizi ya paja haikuondoka. Daktari aliniambia mapema kwamba haitaondoka, ngozi iliyopasuka kwa ndani haishoneki. Mjukuu ana miaka mitatu sasa, anakimbia uchi ua mzima na ngozi yake haina alama.

Wiki iliyopita alikuja binti wa watu kupimwa gauni la harusi. Nikamzungushia futi kamba kiunoni, blauzi ikapanda kidogo, nikaona baka pana la rangi ya kutu, halina ukingo, na pembeni yake ngozi imechujuka. Nikaishusha futi kamba. Wateja wawili walikuwa wakisubiri mlangoni, nikawaomba watupishe.

"Mwanangu, hapa umepaka nini?"

Akasita, akafungua mkoba, akatoa tyubu iliyokunjwa nusu. "Kuna dada kazini amenipa. Inasaidia sana, mama."

Nikavaa miwani, nikamvutia kiti, nikaigeuza tyubu upande wa nyuma na kuanza kumsomea jina la kwanza, herufi kwa herufi.